Ghala la Filamu la Papa Rajabu

Mwezi uliopita Papa Rajabu alizikwa. Nilifika Kalemie siku ya pili ya matanga, miguu imevimba kwa safari, na kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka mjane wake, Mama Zaina, akaniita chumba cha nyuma. Nilikuwa sijakiingia kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi wanaweka humo magunia ya mchele na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, lakini tundu la waya lilikuwa bado ukutani, na kulizunguka ilikuwepo ile saruji niliyoipaka kwa vidole, ambayo Papa Rajabu alisema inafanana na uji uliomwagika. Mama Zaina akafungua sanduku, akatoa daftari la jalada la bluu. "Alisema hili ni la Feza," akaniambia. "Miye sikulisoma. Na miwani sina." Akarudi kwa wafiwa wenzake, akaniacha nimesimama nalo. Nililijua daftari lile. Mwaka mzima nililiona kwapani mwake, na mwaka mzima hakuniruhusu kuligusa.

Habari za kwetu nitaziruka. Baba alikuwa mtu wa reli, mama mtu wa soko, inatosha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma kompyuta mwaka mmoja Lubumbashi, nikaja nyumbani likizo, na vita vikakata njia nyuma yangu: kule serikali, huku wale walioushika mji, katikati bunduki. Nikabaki Kalemie na mfuko mmoja wa nguo na kiburi cha kujaza gunia. Papa Rajabu alikuwa zamani fundi wa simu za reli, mtoto wa wale Waislamu ambao babu zao walifanya biashara ya ziwa, na nyumba yake ya mtaa wa Kataki ilikuwa na chumba cha mbele cha kuonyeshea video: mabenchi manane, televisheni moja, pazia zito dirishani. Filamu alikuwa nazo zaidi ya mia tatu, zote kwenye sidii zilizovushwa kutoka Kigoma, nyingi zikiwa za sidii mbili mbili. Askari walikuwa wameingia mara moja na kubeba katoni nzima. Zilizobaki zilikuwa zinakwaruzwa na vumbi na mikono ya watu. Ndipo akapata wazo lake: filamu zote zihamie ndani ya mashine moja, mashine ikae chumba cha nyuma, waya upite ukutani mpaka mbele. Alipoambiwa kuna binti mjini aliyesomea mambo hayo, alikuja mwenyewe kwetu, akavua kofia, akazungumza na mama kama anayeleta posa.

Mashine yenyewe hatukuiita seva. Jina hilo nililitaja mara moja, akalikataa. Tuliiita ghala. Tulikuwa na kompyuta mbili kuukuu zilizotoka kwenye ofisi iliyofungwa. Moja ingekaa mbele, ya kuonyeshea. Ya pili tungeivua nguo zote, kama alivyosema yeye, na kuijenga upya ndani ya kasha la mbao ya mvule. Bodi yake ilikuwa na njia mbili, kila njia ikibeba diski mbili, kwa hiyo diski nne, basi. Ugomvi wetu wa kwanza ulianzia hapo, kwenye meza ya kulia yenye kitambaa cha nailoni chenye picha za machungwa, mbele ya bugali na ndagala wa kukaanga. Miye nilitaka diski nne zijazwe filamu tofauti, tupate nafasi kubwa. Yeye alitaka mbili zibebe filamu, na mbili ziwe mapacha wa zile za kwanza, kila filamu iandikwe mara mbili.

"Papa, tunapoteza nusu ya ghala!"

"Feza, mwana, simu ya reli ilikuwa na nyaya mbili. Moja ikikatika, watu wa Nyunzu wanasikia bado. Wewe ukinunua chumvi unaweka yote kikopo kimoja?"

"Ndiyo."

"Njo maana kwenu mboga iko bila chumvi," akasema Mama Zaina kutoka jikoni, na wote wawili wakanicheka. Yeye Mama Zaina kazi yake ilikuwa kutetea filamu za Kihindi, maana kwa nafasi ya mapacha zingeingia filamu sitini tu, na mtaa mzima ulijua. Watu walikuja uani kuombea filamu zao kama waombeao wagonjwa. Sheria moja tu haikuwa na mjadala: maji hayaingii chumba cha nyuma. Glasi, kikombe, hata mikono iliyotoka kunawa, hapana. Siku moja niliingia na glasi ya maji kwa sababu ya joto. Papa Rajabu, mtu asiyepaza sauti, alinifokea mpaka nikalia.

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili msomaji asije akawa mjinga kama nilivyokuwa. Diski mbili za kwanza zilipofika na mashua, askari wa bandarini walizikamata, na mkubwa wao akaja nazo mwenyewe mpaka nyumbani. Tumwite Komanda Dezire. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa maneno, mpenda filamu kuliko chakula. Alinikuta nimepiga magoti katikati ya nyaya, akaniuliza maswali mawili matatu ya maana, nikayajibu kwa madaha. Halafu Papa akanituma sukari. Sukari ilikuwepo, nililiona kopo likiwa limejaa, nikaenda nikinung'unika kwamba nimegeuzwa mtumishi wa nyumba. Nilipokuwa njiani, komanda alisema maneno haya, kama Mama Zaina alivyokuja kunirudishia baadaye, neno kwa neno:

"Papa, hii mashini ikiwaka, inapanda na miye Manono. Askari wangu huko hawana kitu cha kuangalia, wanatoroka. Na ule binti anayeijua anapanda nayo. Mashini bila muntu wake njo mbao tu."

"Na kama haijawaka, Afande?"

"Haijawaka nitaibebea nini? Vyuma niko navyo vingi."

Wasichana waliopanda na askari kwenda Manono mwaka ule tuliwajua kwa majina, na hatukujua hata mmoja aliyerudi jinsi alivyoondoka. Dereva wa komanda, aliyekuwa akiangalia filamu bure, alimnong'oneza Papa kwamba bwana wake angehamia huko moja kwa moja karibu na Bonane, siku ya mwaka mpya. Kwa hiyo Papa Rajabu alikuwa na kazi moja: ghala lisikamilike mpaka mwaka mpya. Kulibomoa hakuweza, maana komanda alikuwa anakuja kulitazama kila wiki, na aliyemnyima kitu wazi wazi tuliona yaliyompata. Ilibidi lijengwe, lisiishe. Mambo haya yote waliyajua wazee wale wawili, wakayala na kulala nayo, na miye nilikaa katikati yao nikipiga kelele kwamba fundi mzima anaogopa bisibisi.

Kwa maana kila kitu kilikataliwa. Seremala alileta kasha, Papa akasema matundu ya hewa ni madogo. Akaleta la pili, akasema mbao haijakauka. Pangaboi ya kupoza ilisikika inaguna, ikarudishwa Kigoma, na upepo wa kusini ulikuwa umeanza, mashua hazitoki ovyo. Wiki nne zikaenda. Kila Jumatano alasiri komanda aliketi kwenye kile kitambaa cha machungwa, akapewa chai ya tangawizi, akauliza, "Tuko wapi?" na Papa akafungua daftari la bluu akamweleza tatizo jipya, kwa upole, kwa maneno ya kifundi, kidole kwenye mstari. Siku moja nilirudi na ile sukari yangu isiyohitajika nikamsikia akisema, "Afande, diski iliyovuka ziwa inakunywa unyevu. Lazima ilale ndani ya mchele siku kumi na ine. Ukiiwasha mbele ya hapo, inaungua." Komanda alitikisa kichwa kwa heshima. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema, "Papa, si kweli, haiko vile," na tayari nilikuwa nimetamka "Papa, si..." Mama Zaina akanikanyaga mguu kwa kisigino, kwa uzito wake wote, na hakuwa mwanamke mwembamba.

"Si nini?" akauliza komanda, akinigeukia.

"Si sukari ya kawaida," akajibu Mama Zaina. "Ni ile ya rangi. Anaona haya, alitaka nyeupe."

Komanda alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akakoroga chai. Mguu uliniuma siku tatu, na nilidhani mama yule ananionea wivu kwa elimu yangu.

Nilisikia mengine pia, maana nyumba ile ukuta wa jikoni haukufika darini. Nilimsikia Mama Zaina akiuliza, "Zimebaki ngapi?" na Papa akajibu, "Zitatosha, Mungu akipenda." Nilidhani wanazungumzia dawa zake za presha. Nilimsikia akisema, "Mutoto anakasirika," na mumewe: "Akasirike. Atazeeka akiwa amekasirika, njo vizuri." Hilo niliweka moyoni kama tusi. Nikawaza, mzee huyu ameanza kitu ambacho hawezi kukimaliza, na ananizuia ili nisimpite. Ndivyo nilivyoamini, na sitajipaka asali leo kwa kuwa nimekuwa bibi: nilimdharau, na pia nilimpenda, na vyote viwili vilinisukuma upande mmoja.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Papa alifunga, alasiri alikwenda msikitini akakaa huko mpaka kufuturu, na Mama Zaina alikuwa jikoni na unga wa maandazi. Chumba cha nyuma kikawa changu kwa saa mbili kila siku, umeme wa bwawa la Bendera ukiwa umependa kuja. Nikaamua kumpa zawadi ya Idi. Miye si Mwislamu, lakini kwenye nyumba ile nilikuwa nimekula Idi mbili, nikaletewa na kitenge, na sikuwahi kutoa kitu. Nikaziunga diski nne. Nikavuta waya, nikatoboa ukuta, nikaficha tundu kwa kalenda. Nikawa naingiza sidii moja moja kwenye kompyuta ya mbele na kuziacha zisafiri kwenda nyuma. Mara nyingi nilishawishika kuzijaza diski zote nne filamu tofauti, nimwonyeshe nani ana akili. Sikufanya hivyo. Nilifuata mapacha yake, kwa heshima ya siku yenyewe. Diski ya tatu ilikuwa na sauti nyembamba ya kulia ilipoanza kuzunguka; nikaisikia, nikasema itazoea.

Siku ya Idi nyumba ilijaa. Sahani za pilau zilitoka kwa jirani kwenda kwa jirani, watoto wana viatu vinavyowabana, na chumba cha mbele watu wamekaa mpaka sakafuni. Komanda Dezire alikuja kutoa mkono wa Idi, na walinzi wawili, akapewa kiti na sahani kubwa. Kumwona kulinifurahisha, nilitaka na yeye aone. Nikasimama mbele ya watu, nikafungua kisomeo cha sidii, nikakionyesha kwamba ni kitupu. Nikabonyeza. Filamu ya Kihindi ya Mama Zaina ikaanza, rangi safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Watu wakapiga makofi, kisha wakapiga vigelegele walipoelewa kwamba picha inatoka ukutani. Nikageuka kumtafuta Papa Rajabu. Alikuwa ameshika birika la chai. Nimeona watu wakipata habari za msiba wakiwa na uso ule.

Komanda aliweka sahani chini taratibu, akapangusa vidole. "Inawaka," akasema. "Nani ameimaliza?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, na nusu ya chumba walikuwa wameanza kunigeukia. Papa Rajabu akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo kabla wala baada. "Miye, Afande! Nilitaka kuwashangaza siku ya Idi. Huyu nimemwambia tu asimame abonyeze, si munajua wasichana wanapenda kuonekana."

"Papa," nikasema, "lakini miye njo..."

"Wewe njo nini?" Akanijia, na mkono wake ukanipiga shavuni mbele ya watu wote. "Mwaka muzima ninamufundisha, Afande, hajui hata kuizima. Anajua kuosha vikombe. Peleka vikombe jikoni, mupumbavu we!"

Kwenye televisheni waliendelea kuimba. Hakuna aliyemsahihisha, na waliojua ukweli walikuwa wengi, kuanzia seremala mpaka yule dereva wa komanda mlangoni, aliyekuwa ameniona mara nyingi katikati ya nyaya. Dereva alitazama viatu vyake. Komanda alitutazama mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bon. Basi Papa, utafunga mizigo. Kesho kutwa."

Nilikwenda nyumbani sikuaga. Siku ya kuondoka kwake sikutoka nje. Nilisikia kamiyo, lori la askari, ikipita barabara ya darajani, nikajua kasha langu la mvule limo ndani, na nikafurahi kwamba mwongo yule ataumbuka mbele ya askari. Ndiyo, nilifurahi. Jioni ile Mama Zaina alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda cha mama, akanisimulia yote, kuanzia sukari. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mufungo wote niliona unafurahi. Nikafikiri ni mvulana." Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Wewe? Ungemuambia Komanda kwenye uso wake." Ilikuwa kweli. Lakini nasema mpaka leo, na nimemwambia marehemu kaburini: wangeniambia. Mtu akiwa na mdomo mrefu si lazima awe hana akili. Nimewasamehe kwa mengine, hilo bado.

Alirudi baada ya mwaka na nusu, amekonda, sikio moja halisikii, sehemu kubwa ya njia amekuja kwa baiskeli za wachuuzi. Komanda alikuwa amehamishwa tena, na ghala likabaki Manono. Nilikwenda kumwona nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyarudia njia nzima. Alikuwa anakula bugali kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakunipa nafasi. "Diski ya tatu," akasema, "ilikuwa inalia. Uliisikia?"

"Niliisikia, Papa."

"Ilikufa Nyunzu. Komanda alikuwa ameshaniambia kama haiwaki sitashuka muzima kwenye kamiyo." Akamega bugali. "Pacha wake akatutosha. Kula, mwana."

Hatukuzungumza tena habari ile. Nilirudi masomoni, njia ilipofunguka, nikafanya kazi za kompyuta maisha yangu yote katika miji ya watu, na kila mashine niliyoiunda ilikuwa na mapacha.

Mwezi uliopita, basi, nikiwa nimeegemea gunia la mchele, nikafungua daftari la bluu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mchoro wa ghala. Ulikuwa umekamilika. Kasha, bodi, njia mbili, diski nne, mbili zikiwa mapacha, pangaboi, waya kupita ukutani, hata kimo cha tundu. Chini yake ameandika jina la mwezi, mwezi wa kwanza niliofanya kazi kwake. Alikuwa amemaliza kupanga kabla komanda hajaingia mlangoni, na angeweza kulijenga kwa wiki mbili. Kurasa zilizofuata hazikuwa na mchoro wowote. Ilikuwa orodha, kwa ule mwandiko wa karani wa reli: matundu madogo. Mbao mbichi. Pangaboi. Upepo wa kusini. Mchele siku kumi na nne. Kila moja imekatwa kwa mstari baada ya kutumika, Jumatano baada ya Jumatano. Mstari wa mwisho uliokatwa ulikuwa wa wiki ya Idi. Baada yake zilibaki sababu tatu safi, hazijaguswa, na mbele ya ile ya tatu ameandika: Bonane, anakwenda. Zingetosha. Alikuwa amezihesabu, na zingetosha.

Lakini hakuwa mtu wa kuweka chumvi yote kikopo kimoja. Chini kabisa ya ukurasa, mbali na zile nyingine, alikuwa ameandika moja ya akiba. Nilisoma mara mbili, kwa sababu nakumbuka jinsi alivyolifuta vumbi kasha lile kwa kanga ya mkewe, na jinsi alivyonifokea kwa ajili ya glasi moja. Aliandika: Zikiisha zote, maji.

Nililia hapo, kwa sauti, peke yangu na magunia. Mama Zaina akanisikia, akaja na glasi ya maji, akanisukumia mkononi. Nikaishika. Nikatoka nje kuinywa.